Wavuvi wa Ndoano Waalikwe Kwenye Vyama vya Mito

Mazungumzo kwa wanachama wa vyama vya watumiaji maji, Kaunti ya Nyeri



Kuna mtu anayeujua mto kuliko wengi walioketi hapa, naye hayumo kwenye orodha ya wanachama. Ni mvuvi wa ndoano. Hufika mtoni alfajiri, kabla ya punda wa maji, akasimama majini hadi magotini saa nzima bila kusema neno, akiangalia. Analijua jiwe lililokuwa limezama Januari mwaka jana na ambalo mwaka huu liko nje, kavu. Anajua maji yalipogeuka rangi ya chai ya maziwa baada ya mvua, na shamba ambalo udongo ule ulitoka.

Hapa kwetu hupatikana Thego na Sagana, mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya, na pia Gura na Chania inayotoka Aberdare. Anachotafuta ni trauti, samaki aliyeletwa na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Trauti si wa asili ya mito hii, na hakuna anayeombwa kuulinda mto kwa ajili yake. Lakini ni shahidi mzuri. Hupenda maji baridi yenye hewa nyingi. Joto likipita nyuzi 20 huanza kutaabika. Hutaga kwenye changarawe, na matope yakiifunika, mayai hukosa hewa yakafa. Akitoweka mahali alipozoea kukaa, huenda miti ya ukingoni imekatwa, au maji yamepungua, au udongo wa mashamba unaingia mtoni. Hayo yote yanamhusu mwenye ng'ombe na mwenye kabichi kuliko yanavyomhusu mvuvi.

Sheria ya Maji ya 2016 inavitambua vyama vya watumiaji maji kuwa vyama vya wananchi vya kusimamia maji kwa pamoja na kusuluhisha migogoro. Wanaojiandikisha kwa kawaida ni wanaochota: wakulima, miradi ya maji ya mabomba, hoteli. Mvuvi hachoti hata ndoo moja, ndiyo maana hakumbukwi. Naye pia, ni lazima isemwe, hajajitahidi. Kila mvuvi ana shimo lake la samaki, na hata mkewe hajui liko wapi. Anahofia akilitaja atakuta wenye nyavu au sumu wamemtangulia. Kijana wa kijijini anayevua bila leseni anahofia kukamatwa. Mkulima naye, akimwona mtu wa mjini mwenye buti ndefu za mpira na fimbo ya bei ya ndama, anaona mtu wa starehe tu.

Uingereza walipata njia. Tangu 2007, wavuvi wa huko wamekuwa wakifunzwa kuhesabu wadudu wadogo wa mtoni. Anayevua kwa nzi bandia anawajua tayari, kwa sababu chambo chake hutengenezwa kuwaiga. Mara moja kwa mwezi huikoroga changarawe kwa mguu dakika 3, wavu ukiwa umetegwa chini ya mkondo, kisha huhesabu makundi 8 ya viumbe. Idadi ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mamlaka ya mazingira hupigiwa simu. Julai 2013, kwenye mto Kennet, wahesabuji wa kujitolea walikuta wadudu wamekufa kwa wingi. Uchunguzi ulionyesha kwamba mto umeingiwa na klopairifosi, dawa ya kuulia wadudu. Dawa hiyo imetumika kwenye mashamba ya Kenya pia, na kila mtu hapa ameshaona pampu ya kunyunyizia ikioshewa mtoni.

Kwa hiyo mvuvi asialikwe kwanza kupanda miti Jumamosi na kusikiliza hotuba. Akija, vyema. Lakini aombwe lile analolifanya tayari: kuangalia. Akabidhiwe kipande kimoja cha mto. Kila mwezi apige picha akiwa amesimama pale pale, aandike tarehe, na aeleze kama kuna mfereji mpya, pampu inayonguruma usiku, maji yenye harufu, au shamba lililolimwa hadi ukingoni. Shimo lake la samaki libaki siri yake.

Taarifa iende kwa kamati, na jina la aliyeileta lisisomwe barazani. Hili si dogo. Mwenye pampu haramu ni jirani wa mtu, na wakati wa kiangazi maji ni chakula na karo ya shule. Mvuvi akitajwa hadharani mara moja, hatarudi, na wenzake hawatakuja.

Kuhusu vijana wasio na leseni, uvuvi ni mojawapo ya majukumu ya kaunti. Afisa wa uvuvi aitwe mkutanoni aeleze taratibu kwa upole. Chama kisiwafiche vijana hao, wala kisigeuke mtego wao.

Chama kinachotaka kuanza kisingoje kiangazi cha Januari. Picha ya kwanza ipigwe sasa maji yakiwa bado mengi, ili ya Februari ipate cha kulinganishwa nacho.