Kuona Kichwa Bila Kukipasua

Ukienda sokoni kununua nazi, unaishika, unaisogeza sikioni, unaitikisa. Maji yakilia, umeshajua ndani kukoje. Kichwa cha binadamu hakina njia rahisi kama hiyo. Kwa karne nyingi, tabibu aliyetaka kujua kilichojificha ndani ya fuvu ama alitoboa, ama alingoja mgonjwa afe ndipo atazame.

Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua eksirei, na wengi wakaona siri za mwili zimefikia mwisho. Kwa mifupa, ilikuwa kweli. Kwa ubongo, bado. Chukua kitabu kilichofungwa, kimulike kwa tochi kali: maandishi ya kurasa zote yanalaliana, usisome hata neno moja. Ndivyo eksirei ya kawaida ilivyokifanya kichwa. Vya mbele na vya nyuma vililala pamoja kwenye karatasi moja, na fuvu likaufunika ubongo ulio laini.

Mwaka 1919 daktari mpasuaji Walter Dandy, wa Baltimore kule Marekani, alieleza njia yake. Mgonjwa anachomwa sindano mgongoni, majimaji yanayouzunguka ubongo yanatolewa, hewa inaingizwa mahali pake. Hewa ikipanda kichwani, vyumba vilivyo ndani ya ubongo vinajitokeza kwenye picha. Ilisaidia, lakini mgonjwa aliilipia: kichwa kilimwanga kwa siku kadhaa, na kutapika juu. Hata hivyo, kwa miaka 50 hivi hospitali ziliendelea nayo, kwani njia za kuonyesha hayo zilikuwa chache.

Sasa, msikilizaji, twende Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 1956. Hospitali ya Groote Schuur imeondokewa na mwanafizikia wake, na sheria inataka awepo mtu wa kusimamia vifaa vya mionzi. Anaazimwa mhadhiri kijana wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Allan Cormack, siku moja na nusu kwa wiki. Si daktari. Anakaa pembeni akiwatazama wenzake wakipanga mionzi ya kutibu saratani, na jambo moja linamkera: hesabu zao zinauchukulia mwili kama kitu cha namna moja, kana kwamba mfupa na nyama ni sawa. Anajiuliza: nikipitisha mionzi kutoka pande nyingi, nikapima kila mara kiasi kilichotoka upande wa pili, je, siwezi kupiga hesabu nikajua kila sehemu ya ndani ikoje?

Mwaka 1957 akajaribu. Alichukua mche wa duara wa alumini uliozungushiwa mbao ya mwaloni, akaupitishia mionzi, akapima. Hesabu zikakubali, isipokuwa mahali pamoja: katikati kabisa ya alumini, vipimo vilipinda kidogo. Akaenda karakana kuuliza. Kumbe ndani ya ile alumini kulikuwa na kijiti cha alumini nyingine, nyepesi kidogo kwa mionzi. Yeye hakujua kuwa kimo. Vipimo ndivyo vilivyomwambia.

Alichapisha matokeo yake mwaka 1963 na 1964, na karibu kila mtu akanyamaza. Ombi la nakala lililomfurahisha zaidi lilitoka Uswisi, kwa wachunguzi wa maporomoko ya theluji!

Huko Uingereza, mhandisi Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, ile iliyosifika kwa santuri za muziki, alifikia wazo kama hilo kwa njia yake mwenyewe. Jaribio lake la mwanzo lilichukua siku 9 kupata vipimo vya picha moja. Alijifunzia kwenye bongo za ng'ombe. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London, mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kichwani. Uvimbe ukaonekana ulipo. Hiyo ndiyo CT skani. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba, na hakuna kati yao aliyekuwa na shahada ya udaktari, ya tiba wala ya falsafa.

Baadaye ikaja MRI, inayotumia sumaku badala ya eksirei, na kuonyesha hata jinsi ubongo unavyosinyaa kadiri miaka inavyokwenda. Lakini kwa aliyeanguka na bodaboda, au aliyepooza upande mmoja ghafla, mara nyingi CT ndiyo ya kwanza. Kiharusi kinaweza kutokana na mshipa ulioziba au uliopasuka. Ukimtazama mgonjwa kwa macho huwezi kutofautisha, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inayomwokoa mwenye mshipa ulioziba, yaweza kumuua mwenye mshipa uliopasuka.

Nami nikifikiria kile kijiti cha karakana, kilichojificha ndani bila Cormack kujua, nawakumbuka wazee wetu. Tuseme babu ameanza kuchanganya majina ya wajukuu na kuburuta mguu. Nyumba nzima inasema: ni uzee tu. Picha ikipigwa, kando ya ubongo kuna kivuli chenye umbo la mwezi mchanga. Ni damu iliyovuja polepole tangu alipoteleza bafuni wiki kadhaa zilizopita, akainuka, akasema si kitu. Mpasuaji anatoboa tundu dogo kwenye fuvu, damu inatoka, na mara nyingi babu anarudi kuwaita wajukuu kwa majina yao. Tundu ni lile lile la kale. Tofauti ni kwamba leo anayetoboa anajua pa kutoboa.

Basi, msikilizaji, ukisikia mtu nyumbani akisema ni uzee tu, muulize kwanza: mzee alianguka lini?