Kelele Zikipangwa Huwa Tamasha

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa vikundi vya wanamuziki, wafanyabiashara wa ufuoni na wakaazi wa Kisumu. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.



Nimeombwa nizungumzie matamasha ya muziki ya kila mwaka: yanavyoanza, yanavyokua, na kinachoyafanya yadumu. Nitaanza na muziki ambao wengi wetu tukiusikia redioni tunabadilisha stesheni. Ni roki nzito, ambayo wenyewe huiita hevi metali. Gitaa za umeme zinanguruma, ngoma zinapigwa kama mvua ya mawe juu ya mabati, na mwimbaji anapiga kelele kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Nimeuchagua makusudi. Ikiwa tamasha la muziki huu limeweza kukaa na majirani kwa zaidi ya miaka 30, basi hata la benga, la injili au la rege linaweza.

Mahali penyewe ni Wacken, kijiji cha wakulima kaskazini mwa Ujerumani chenye watu takriban 2,000. Mwaka wa 1990 vijana wawili wa hapo, Thomas Jensen na Holger Hübner, waliandaa muziki wa siku mbili ndani ya machimbo ya changarawe. Zilipiga bendi sita, zote za Ujerumani, na walihudhuria watu wapatao 800. Miaka ya mwanzo iliwaletea hasara na madeni, lakini walirudi kila msimu wa joto. Leo tiketi zinazouzwa ni karibu 85,000. Kwa siku chache, kijiji kinapokea wageni mara 40 ya wenyeji wake.

Wazee wa hapo walivumilia vipi? Jibu ni kwamba kijiji chenyewe kiliingia ndani ya shughuli. Tamasha linafanyika kwenye mashamba ya wakulima, na wenyeji wanafanya kazi na biashara msimu huo. Hata bendi ya tarumbeta ya wazimamoto wa kijiji ina nafasi yake: imekuwa desturi ipige mwanzoni mwa tamasha, mbele ya vijana waliovaa fulana nyeusi. Mtu akishakuwa na sehemu yake katika jambo, kelele zake hazimkeri kama kelele za mgeni.

Jambo la pili ni kujua kusema basi. Mwaka wa 2023 mvua ilinyesha mashamba yakawa tope tupu. Waandalizi walisimamisha kuingiza watu, ingawa maelfu wenye tiketi walikuwa bado njiani, na waliokosa kuingia wakarudishiwa pesa zao. Uamuzi huo uliwagharimu. Lakini tamasha linalolinda uhai wa watu wake ndilo linalopata ruhusa mwaka unaofuata.

Sasa turudi kwenye ziwa letu. Mji wa Jinja, pale mto Nile unapotoka ziwani, ulipata tamasha la kila mwaka kuanzia 2015 liitwalo Nyege Nyege. Najua wasemaji wa Kiswahili mnaangaliana. Kwa Kiganda maana yake ni hamu ya ghafla ya kucheza muziki. Kwetu, neno hilo halisemwi mbele ya mama mkwe. Waandalizi hao hao wana lebo ya kurekodi, na mwaka wa 2020 ilitoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi waliochanganya roki nzito na mashine za muziki wa kisasa. Hata jina hilo linapotosha: si yule mnyama mwenye mbio, ni giza kwa Kikikuyu. Kwa hiyo roki nzito ya Kenya, iliyokuwa imeshikiliwa Nairobi na bendi kama Last Year's Tragedy na Seismic, ilipata mlango wa kutokea duniani kupitia Uganda.

Lakini Jinja inatufundisha pia upande mchungu. Mwaka wa 2018 waziri wa maadili, Padre Simon Lokodo, alitaka tamasha lisifanyike. Serikali ikaliruhusu baadaye. Mwaka wa 2022 Spika wa Bunge, Anita Among, alitangaza kulizuia zikiwa zimebaki siku chache tu, tiketi zimeshauzwa hadi ng'ambo. Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akaliruhusu kwa masharti, na likafanyika kwenye maporomoko ya Itanda. Sitasema nani alikuwa na haki kuhusu maadili. Ninachosema ni kwamba mjadala ulikuja wakati mbaya. Mwenye hoteli ameshanunua chakula, mwenye bodaboda ameshapanga safari, na mzazi mwenye wasiwasi hajaulizwa maoni yake mapema. Wote wanaishi roho juu.

Na kuna suala la pesa. Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza mwaka wa 2004, ni kati ya matamasha yenye heshima zaidi Afrika Mashariki. Hata hivyo mwaka wa 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Lilirudi 2017. Funzo ni kwamba jina kubwa halilipi mafundi wa mitambo wala ulinzi.

Ndugu zangu, Kisumu si mgeni wa gitaa. Hapa ziwani vidole vilivyozoea nyuzi nane za nyatiti vilihamia kwenye gitaa na kuzaa benga. Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz waliipeleka mbali. Vijana wetu wa leo wakitaka kupiga roki, hawajatupa urithi. Wamechukua ala ile ile wakaongeza sauti.

Swali ni wapi, lini, na kwa makubaliano gani. Fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, inayotaja kazi za kaunti. Aya ya 3 inatupa jukumu la kudhibiti uchafuzi, pamoja na kelele. Aya ya 4, inayofuata papo hapo, inatupa shughuli za utamaduni na burudani kwa umma. Kwa hiyo kaunti ile ile ina wajibu kwa kijana anayetaka jukwaa na kwa mgonjwa anayetaka kulala. Haiwezi kuchagua mmoja na kumsahau mwingine.

Zipo pia kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele za mwaka 2009. Zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na anayetarajia kupita viwango vya sauti hutakiwa kuomba leseni kabla. Wengi huzisikia kanuni hizi siku mitambo inapozimwa. Hapo tumechelewa sote.

Basi nina maombi matatu. Vijana wa muziki, anzeni kidogo kama wale 800 wa Wacken. Nendeni kwa wazee wa mtaa kabla hamjabandika bango. Waambieni spika zitaelekea wapi, muziki utazimwa saa ngapi, na ni nani watampigia simu kelele zikizidi. Kisha timizeni.

Wakaazi, pingeni mapema na kwa hoja. Mwenye mtoto mchanga, mwenye zahanati, mwenye kanisa au msikiti jirani, semeni saa zenu. Ni rahisi kugeuza spika kwenye karatasi kuliko usiku wa manane.

Wafanyabiashara wa Dunga na kwingineko ufuoni, samaki wenu na vibanda vyenu ndivyo mgeni atakavyovikumbuka. Lakini chupa na mifuko ikiachwa ufuoni, mvua ya kwanza inaipeleka ziwani, na ziwa tayari limebeba magugu ya kutosha. Gharama ya usafi iingie kwenye bajeti ya tamasha tangu siku ya kwanza. Asiachiwe mama anayefagia asubuhi.

Tukifanya hivyo, mwaka wa kwanza utakuwa mdogo, na huenda wa pili pia. Lakini jirani aliyeulizwa mwaka wa kwanza ndiye atakayeuliza mwaka wa tatu, mbona mmechelewa kuanza.