Likizo ya Majira ya Baridi katika Familia Mwenyeji: Kumwandaa Mwanafunzi kwa Desemba

Mada kwa ajili ya semina ya maandalizi ya wanafunzi wa programu za kubadilishana, wazazi na waratibu

Utangulizi



Semina zetu humwandaa kijana kwa Agosti, mwezi anaowasili Marekani. Tunamfundisha namna ya kupita uwanja wa ndege, kumwomba mwalimu arudie maelezo, kutunza fedha zake na kufuata kanuni za programu. Yote hayo ni ya lazima. Hata hivyo, kipindi kinachompima kuliko vyote huja miezi minne baadaye, shule zinapofungwa kwa takriban majuma mawili, kuanzia siku chache kabla ya Krismasi hadi baada ya Mwaka Mpya. Hapo hakuna kengele wala basi la shule, hakuna timu ya mpira wala marafiki wa darasani. Kunabaki nyumba, watu wake na baridi iliyoko nje.

Hoja yangu ni kwamba likizo hiyo ndiyo huamua kama mwanafunzi atamaliza mwaka akiwa mgeni wa chumba kimoja au akiwa mtoto wa familia. Kwa kuwa mambo yanayoamua hilo yanajulikana mapema, ni wajibu wetu kuyafundisha hapa hapa kabla hajapanda ndege. Nitatumia mfano wa Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani linalopakana na Kanada.

Usuli

Desturi ya kumpokea mwanafunzi wa kigeni nyumbani ilikua baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Shirika la AFS, lililoanza kama huduma ya magari ya wagonjwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, lilianza mwaka 1947 kupeleka wanafunzi wa sekondari Marekani ili vijana wa mataifa yaliyokuwa yakipigana wafahamiane. Mwaka 2002 serikali ya Marekani ilianzisha programu ya YES, iliyopewa majina ya maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar, kwa ajili ya vijana kutoka nchi zenye idadi kubwa ya Waislamu. Kenya na Tanzania zimekuwa miongoni mwa nchi zinazoshiriki.

Wazazi walielewe jambo hili vizuri: kwa kanuni za Marekani, familia inayompokea mwanafunzi wa sekondari hailipwi. Watu wazima wote wa nyumba hiyo huchunguzwa kama wana rekodi ya uhalifu, na mratibu wa eneo hutakiwa kuwasiliana na mwanafunzi na familia kila mwezi. Hao wamefungua mlango kwa hiari yao. Kwa hiyo sikukuu wanazomkaribisha mtoto wetu ni zao wenyewe, zenye shangazi, babu, mapishi ya ukoo na hata ugomvi wa ukoo.

Kwa nini Desemba ni nzito

Sababu ya kwanza ni muda. Mwaka 1955 mwanasosholojia wa Norway, Sverre Lysgaard, alichapisha utafiti juu ya Wanorwe zaidi ya 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Aliona kuwa waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa na shida zaidi ya kuyazoea mazingira kuliko waliokaa chini ya miezi 6 na waliokaa zaidi ya miezi 18. Watafiti waliomfuata wameonyesha kwamba si kila mtu hupita njia hiyo. Hata hivyo, waratibu walio hapa wanaifahamu hali yenyewe: upya wa mambo umekwisha, mazoea bado hayajafika. Aliyefika Agosti huanza kuielekea hali hiyo karibu na likizo hii.

Sababu ya pili ni mwanga. Mjini Minneapolis, tarehe 21 Desemba jua huchomoza inapokaribia saa mbili asubuhi na kutua baada ya saa kumi na nusu jioni. Mchana wote haufiki saa 9. Kijana wa Mombasa au Morogoro, aliyezoea saa 12 za mwanga mwaka mzima, huanza kulala ovyo, kuchoka na kukosa hamu bila kujua kinachomsumbua. Mwaka 1984 mtafiti Norman Rosenthal na wenzake waliieleza kitabibu huzuni inayokuja na majira ya giza, na wakaonyesha kuwa mwanga mkali husaidia. Mwanafunzi akilijua hilo mapema, hatadhani kwamba amelogwa au kwamba ni dhaifu. Atatoka nje saa za mchana, hata kwa dakika chache, na hali ikizidi atasema.

Sababu ya tatu ni ukimya. Usiku wa Januari huko joto hushuka kwa kawaida chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Milango na madirisha hufungwa, barazani hakuna mtu, na jirani hapiti tu kubisha hodi. Mtu humtembelea mwenzake baada ya kupatana kwa simu. Kijana aliyekulia katika nyumba isiyoisha watu huweza kuona kwamba ametengwa, kumbe hayo ndiyo maisha ya majira hayo kwa kila mtu.

Kazi ndiyo inayomtoa mtu kwenye ugeni

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Minnesota ya Desemba ina jembe lake, nalo ni sepetu ya theluji. Mjini Minneapolis mwenye nyumba hutakiwa kusafisha njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yake ndani ya saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka. Mwanafunzi anayevaa koti, buti na glavu na kutoka na sepetu bila kuitwa ameieleza familia jambo ambalo Kiingereza chake huenda bado hakijaliweza. Vivyo hivyo anayepanga vyombo kwenye mashine ya kuoshea, anayemtembeza mbwa, au anayekaa na mtoto mdogo ili mama apumzike.

Jikoni kuna nafasi nzuri zaidi. Familia nyingi za Minnesota zina asili ya Norway na Sweden, na Desemba baadhi yao hukusanyika kupika lefse: viazi vilivyopondwa huchanganywa na unga na siagi, donge husukumwa hadi liwe jembamba sana, kisha huokwa juu ya bamba kavu la moto na kugeuzwa kwa kijiti kirefu. Binti au kijana wetu anayejua kusukuma chapati hahitaji kufundishwa mara mbili kazi hiyo. Akishika mpini wa kusukumia, bibi wa nyumba atamuuliza alikojifunza, na hapo atapata nafasi ya kumtaja mama yake, kueleza Idi au Krismasi ya kwao, na kuahidi kuwapikia chapati kesho yake. Mazungumzo ambayo hayakuwahi kupatikana mezani tangu Agosti hupatikana hapo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila mwanafunzi, wa kike na wa kiume, aondoke hapa akijua kupika angalau vyakula viwili vya kwao kwa kipimo kamili, tena kwa viungo vinavyopatikana dukani huko.

Meza, ibada na zawadi

Nyama ya nguruwe iliyookwa ni chakula cha kawaida cha Krismasi Marekani. Mwanafunzi Mwislamu asisubiri hadi sahani imfikie mbele ya wageni ishirini. Aseme mapema Desemba, kwa upole na kwa ukamilifu: kipi hali, kipi anakula, na kwamba kukaa nao mezani hakumsumbui. Minnesota ina jumuiya ya Wasomali iliyo kubwa kuliko ya jimbo lolote Marekani, hivyo Minneapolis ina misikiti na maduka ya nyama halali. Mwaka 2023 baraza la jiji hilo liliruhusu adhana isikike kwa vipaza sauti kwa vipindi vyote vitano vya swala. Kwa mwanafunzi aliye mji mdogo mbali na hapo, familia huweza kununua nyama hiyo na kuihifadhi kwenye friza, mradi imeambiwa.

Waratibu waangalie pia kalenda: mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuanza mapema Januari, na kuanza tena mwishoni mwa Desemba mwaka huo huo. Saumu ya huko itakuwa fupi, lakini familia itahitaji kuelezwa daku na futari kabla ya ratiba ya sikukuu kupangwa.

Kuhusu kanisa, mwaliko wa ibada ya mkesha ni mwaliko wa kifamilia. Mwanafunzi anaweza kwenda akaketi kwa heshima bila kushiriki ibada, au akakataa kwa shukrani. Dini yake ni yake, na hapaswi kushurutishwa.

Zawadi nazo zina adabu zake. Kwetu watu wengi hupokea zawadi kwa mikono miwili na kuiweka kando, kwani kuifungua mbele ya mtoaji huonekana kama tamaa. Kule hufunguliwa papo hapo, wote wakitazama, na mtoaji husubiri kusikia neno. Ukimya wetu wa heshima huweza kumuumiza. Mwanafunzi afungue, aseme kilichompendeza, na baadaye aandike kadi ya shukrani. Kwa upande wake, kanga, kikoi au kikapu alichokibeba tangu nyumbani kinatosha.

Simu kutoka nyumbani

Wazazi, sehemu hii ni yenu. Majira ya baridi Minnesota iko nyuma yetu kwa saa 9. Inapokuwa saa moja jioni ya Krismasi Dar es Salaam, kule ni saa nne asubuhi na familia imezunguka mti. Simu ya video ya saa nzima wakati huo humtoa mtoto sebuleni na kumrudisha chumbani akilia. Pangeni saa pamoja naye mapema, ongeeni kwa ufupi na kwa furaha, waombeni wenyeji waje kwenye simu muwashukuru. Habari za mgonjwa au msiba zipitie kwanza kwa mratibu, ili mtoto azipokee akiwa na mtu mzima karibu.

Usalama

Maziwa ya Minnesota huganda, na familia hutembea na kuvua samaki juu yake. Idara ya Maliasili ya jimbo hilo huelekeza kuwa barafu mpya iliyo angavu iwe na unene wa angalau inchi 4, yaani karibu sentimita 10, kabla ya mtu kutembea juu yake. Mwanafunzi asikanyage ziwa bila mwenyeji mzoefu. Familia ikipanga kuvuka mpaka kwenda Kanada, hati yake ya kushiriki programu (DS-2019) lazima iwe na saini ya programu inayoruhusu safari, na aulize mapema kama atahitaji viza ya Kanada.

Mapendekezo

1. Kila semina ya maandalizi iwe na kipindi kizima kuhusu Desemba, kiongozwe na wanafunzi waliorejea kutoka Marekani.
2. Mratibu wa eneo azungumze na mwanafunzi na familia mwanzoni mwa Desemba kuhusu chakula, ibada, kazi na safari, kisha apige simu tena katikati ya likizo.
3. Wazazi wasaini makubaliano ya saa za simu kabla ya safari.
4. Mwanafunzi ajifunze kupika, na azoee kufanya kazi za nyumba bila kuagizwa, kuanzia leo.

Hitimisho

Ndugu washiriki, tukimtuma mtoto ambaye hajaandaliwa kwa Desemba, tunaiachia familia ya kujitolea kazi yetu sisi. Nawaomba waratibu mliopo hapa mwingize kipindi hicho katika ratiba ya mwaka huu. Na ninyi vijana, likizo ikifika, tokeni chumbani.