Deni la Kariakoo na Presha ya Mdai



Kariakoo haiendeshwi na fedha taslimu peke yake. Mwenye duka Mtaa wa Kongo hutoa robota la khanga, akamkabidhi mteja wa Mbeya au Lubumbashi kwa mali kauli: chukua, uza, uniletee fedha yangu. Mara nyingi hakuna hati, kuna neno la mtu. Mteja huyo akizima simu, mtaji umepotea, lakini linalomnyima mdai usingizi ni fedheha ya kuonekana mjinga mbele ya mtaa mzima.

Mwili wake haujui kwamba jambo lenyewe ni la mwaka juzi. Akilikumbuka, homoni za adrenalini na kortisoli hupanda, moyo ukaenda mbio, mishipa ya damu ikabana. Mwaka 2001 watafiti wa Hope College, Marekani, waliwapima wanafunzi 71 huku wakiwafikiria waliowakosea. Walipoendekeza kinyongo, presha na mapigo ya moyo yalipanda zaidi kuliko walipojaribu kumwonea mkosaji huruma na kumsamehe. Lilikuwa jaribio fupi, wala halithibitishi kwamba kinyongo huleta kiharusi. Ila mimi humfikiria mtu anayeirudia hali ile kila usiku, miaka nenda rudi.

Utafiti mkubwa zaidi ulichapishwa 2024. Watu 4,598 wa Kolombia, Hong Kong, Indonesia, Afrika Kusini na Ukraine walishiriki. Waliopewa kijitabu cha mazoezi ya kusamehe, baada ya wiki 2, walikuwa na sonona na wasiwasi kidogo kuliko waliokuwa bado wanakingoja.

Mdai ataniuliza: “Nikimsamehe, si nimemwachia fedha yangu?” Hofu hiyo ni ya haki, na hapa ndipo wahubiri wetu wengi hupita haraka. Sura ya Al-Baqara katika Kurani, aya ya 280, humtaka mdai ampe muda mdaiwa aliyekwama. Kumwachia deni kabisa kumetajwa kando, kuwa ni sadaka. Basi unaweza kumsamehe mtu, ukamfikisha kwa wazee au Mahakama ya Mwanzo, na usimpe tena mali kauli. Unachokitua ni ile hamu ya kumwona ameangamia.

Nisieleweke vibaya. Waliofiwa jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, asiwaendee mtu na mawaidha ya kusamehe kwa ajili ya afya zao. Wanadai majibu na uwajibikaji, na saa ya kusamehe, kama itakuwapo, ni yao wenyewe kuichagua.

Kwa madaktari nina ombi. Mfanyabiashara akija na presha isiyoshuka, mwandikieni dawa, naye azimeze kama alivyoelekezwa. Kisha mwulizeni analalaje, na kama hapati usingizi, ni nani anayemnyima. Mpeni nafasi ajibu, hata kama foleni ni ndefu.