Jeraha la Askari Lisilotoka Damu



Kila tarehe 25 Julai Taifa huwakumbuka mashujaa wake. Mkuki, ngao na shada la maua huwekwa mnarani, tarumbeta hulia, na viongozi wa dini huomba dua. Heshima hiyo ni ya haki. Lakini wako askari ambao hawakufia vitani. Walirejea na viungo vyao vyote, wakapokewa kwa vigelegele, kisha usiku wakabaki peke yao na vita vilivyokataa kwisha vichwani mwao. Baadhi yao hujitoa uhai. Hao hawatajwi mnarani. Hunong'onwa tu msibani.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika habari za askari waliotetemeka, waliopotewa na usingizi na kumbukumbu, hali miili yao haikuwa na jeraha. Majemadari wengi waliyaita hayo woga. Katika vita hivyo askari 306 wa Uingereza na himaya yake walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa makosa kama vile utoro na woga, na hapana shaka kwamba miongoni mwao walikuwamo wagonjwa. Serikali ya Uingereza iliwasamehe mwaka 2006, wakati mifupa yao imekwisha kuoza.

Fundisho kubwa zaidi limetoka Marekani. Ubeberu ulipowapeleka vijana wa nchi hiyo Vietnam, wengi walirudi wakiwa wamevunjika ndani. Walichoka kungojea ofisi za Serikali, na mwaka 1970 baadhi yao, mjini New York, wakaanza kukutana katika vikundi na kuzungumza wao kwa wao mbele ya madaktari waliokubali kusikiliza. Sauti yao ilifika mbali. Mwaka 1979 Serikali ilianza kufungua vituo vya ushauri katika mitaa, na baadhi ya wahudumu wake walikuwa wapiganaji wa zamani. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa nchi hiyo kiliingiza rasmi maradhi ya kiwewe katika orodha yake ya magonjwa. Basi aliyeitwa mwoga mwaka 1915 akatambuliwa kuwa mgonjwa mwaka 1980. Njia hiyo ilichukua miaka 65.

Hata hivyo utajiri wa Marekani haukutosha kuwaokoa watu wake. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Brown wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba, katika vita vilivyofuata Septemba 2001, askari 7,057 wa nchi hiyo walikufa katika operesheni za kijeshi, hali waliojiua, walioko jeshini na waliokwisha kutoka, walifikia 30,177. Kwa kila mmoja aliyekufa vitani, zaidi ya wanne walikufa kwa mikono yao wenyewe. Dola iliyo na fedha za kutengeneza manowari haikuweza kuwarudishia usingizi watu iliowatuma.

Wako wanaosema kwamba askari amefundishwa kuvumilia, na kwamba kuzungumza habari hizi ni kulegeza nidhamu. Hoja hiyo haina budi kujibiwa kwa matendo. Mwaka 2006 jeshi la Israel liliamuru askari waache silaha kambini wanapokwenda nyumbani mwisho wa juma. Watafiti waliofuatilia jambo hilo walikuta kwamba idadi ya waliojiua ilipungua kwa asilimia 40 hivi. Amri hiyo haikulegeza nidhamu. Ilikuwa yenyewe ni nidhamu. Ilionyesha pia kwamba hamu ya kufa mara nyingi huja kama wimbi: mtu akivushwa salama saa zile za hatari, anaweza kuishi.

Tanzania nayo ina wapiganaji wake. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, wanajeshi na mgambo kutoka kila mkoa walikwenda mstari wa mbele, na Kampala ikakombolewa Aprili 1979. Vijana wa siku zile leo ni wazee vijijini. Baada yao wamekuja walinzi wa amani. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Kivu ya Kaskazini, kambi yao ilishambuliwa na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa. Taifa liliwazika kwa heshima. Lakini walikuwako pia walionusurika, waliowabeba wenzao. Hao nao wana haki ya kuulizwa wanalalaje.

Ipo tena kasumba iliyomo ndani ya sheria. Kanuni ya Adhabu iliyorithiwa kwa Mwingereza ilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mwingereza mwenyewe aliifuta sheria kama hiyo kwao mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipojipatia Uhuru. Makoloni yakabaki nayo. Bunge la Ghana liliamua kuiondoa mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Sababu iko wazi. Mgonjwa anayeogopa polisi hatamwona daktari, na jamaa zake watamficha. Wahenga walikwisha kusema: mficha maradhi, kifo humwumbua.

Kazi hii si ya madaktari peke yao. Mwalimu ndiye humwona kwanza mtoto anayesinzia darasani kwa kuwa baba yake hupiga kelele usiku kucha. Mtendaji wa kijiji ndiye hupokea malalamiko juu ya mzee mstaafu aliyezama katika pombe, anayeshtuka mlango ukigongwa, aliyeanza kugawa vitu vyake na kuaga watu. Mtu kama huyo asichekwe wala asihubiriwe. Aulizwe kwa upole, na waziwazi, kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo hilo, bali humfungulia mlango. Asiachwe peke yake. Silaha na sumu ziwekwe mbali naye. Kisha asindikizwe hospitali, na baada ya hapo atembelewe, kwa maana dawa bila jirani ni nusu ya tiba.

Askari hakwenda vitani kwa shauri lake mwenyewe. Alitumwa na Taifa zima, na Taifa zima likala matunda ya ushindi wake. Kwa hiyo kumtibu akili si sadaka. Ni deni, na deni hulipwa mdai angali hai.