Maksai Akifa, Mzee Aliwazwe

Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 katika kaunti kame za Kenya, Turkana ikiwemo. Hiyo ni hesabu ya mizoga tu. Kijana wa Kiturkana huchagua maksai wake mpendwa, akamtungia nyimbo, akamkunja pembe kwa umbo alitakalo, na wenzake wakamwita kwa rangi ya mnyama huyo. Maksai akifa, mwenyewe huomboleza, na ana haki. Huko Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa Turkana mwaka 1992, Wadinka na Wanuer wa Sudan Kusini wanaujua uchungu huu. Fedha za msaada zinanunua unga, tunashukuru. Lakini maafisa wanaotoka Lodwar, makao makuu ya kaunti, kuandikisha hasara wamsikilize mzee kwanza, wampe pole ya mfiwa, ndipo wafungue daftari.