Ufadhili wa Samia na Watoto wa Machimboni



Nimeombwa niseme juu ya Ufadhili wa Samia, maana wazazi wengi hunipigia simu wakiuliza fomu zinapatikana wapi. Jibu langu huwaudhi: mtoto akishamaliza kidato cha sita, sehemu kubwa ya maombi ameshaiandika ndani ya chumba cha mtihani.

Ufadhili huu ulianza mwaka wa masomo 2022/2023 na unasimamiwa na Bodi ya Mikopo. Hupewa waliofaulu zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita, wakapata nafasi katika vyuo vya hapa nchini kusomea sayansi, uhandisi, hisabati au tiba. (Mimi mhasibu nisingeupata, lakini tuyaache hayo.) Fedha yake hairudishwi. Mkopo hurudishwa kwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kijana anayeanza kazi kwa shilingi 800,000 hukatwa 120,000 kila mwezi, kabla hajamkumbuka mama yake kule Nyarugusu.

Mtihani ni mmoja nchi nzima. Maabara si moja. Mtoto wetu anashindana na aliyeshika bureti tangu kidato cha kwanza, yeye akiwa ameiona ubaoni tu, imechorwa kwa chaki. Akifika kidato cha tatu anaacha fizikia kwa sababu mwalimu hayupo, na hapo ameshatoka kwenye mashindano bila kujua. Mwenzake yuko karashani anaponda mawe. Ujira wa jioni anauona kwa macho; chuo kikuu hajawahi kukiona.

Liko pendekezo kwamba fedha zote za mwaka huu zilipe ada za wanachuo wachache. Mimi nalipinga. Serikali imeshafuta ada shule za umma hadi kidato cha sita, na mlangoni pa chuo kuna ufadhili na mkopo. Kidato cha pili hakuna anayemngoja mtoto. Naomba theluthi mbili ziende kwenye posho za walimu wa sayansi wa kujitolea, pamoja na kemikali na vifaa vya maabara, katika shule za kata zilizo jirani na machimbo.

Theluthi inayobaki iwe ya nauli na karatasi. Msicheke. Anayekosa ufadhili huomba mkopo, na Bodi hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Kama mzazi amefariki, na cheti cha kifo. Watoto wetu wengine wamezaliwa kambini, baba akafuata rashi nyingine na hajulikani alipo. Kuzitafuta karatasi hizo wakati dirisha la maombi limeshafunguliwa ni kuchelewa. Tuanze nazo kidato cha tatu.

Bahasha ziko mezani kwa mtunza hazina. Kila atakayetoa apewe stakabadhi hapohapo, na asiyepewa aniite mimi.